Piza Moja na Simu Iliyokatwa

Tarehe 4 Desemba 1974, mjini East Lansing katika jimbo la Michigan, bwana mmoja aitwaye Donald Sherman aliketi mbele ya kompyuta ya chuo kikuu ili aagize piza. Hakuwahi kuagiza piza kwa simu maishani mwake. Alikuwa na maradhi ya Moebius, yanayopooza misuli ya uso, na kuzungumza na mtu asiyemzoea kulimwia vigumu. Siku hiyo alisaidiwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan iliyokuwa chini ya John Eulenberg. Sherman anachapa, kompyuta inayapeleka maneno kwenye kifaa kiitwacho Votrax, Votrax inayatamka kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka, na simu inaifikisha sauti hiyo dukani.

Walianza na Domino's. Aliyepokea akasikia dude linaongea, akakata. Tusimlaumu sana. Mji wa chuo umejaa vijana wenye muda wa kupoteza, na mzaha wa simu kwa muuza piza ulikuwa mchezo wa kila Ijumaa. Wakajaribu mkahawa mwingine, Mr. Mike's. Huko waliangukia mtu mwenye subira. Mashine ilimweleza kwamba mpigaji anatumia kifaa maalumu cha kumsaidia kuwasiliana, naye akangoja. Kila swali lilifuatwa na kimya kirefu huku Sherman akitafuta herufi, kisha jibu likaja kama linasomwa na roboti mwenye mafua. Peperoni, uyoga, hemu, soseji. Oda ikaandikwa, piza ikapikwa, ikaletwa, ikaliwa.

Historia ya kuagiza chakula kwa mtandao huanzia miaka 20 baadaye katika vitabu vingi. Mimi naianzia hapa, kwa sababu karibu kila jambo lililokuja kuwaumiza vichwa wabunifu wa mifumo hiyo limo tayari ndani ya simu hizo mbili. Menyu haikuwa tatizo, wala kompyuta. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa laini: muuzaji atajuaje kwamba huyu ni mteja wa kweli, na mteja atajuaje kwamba amesikika?

Wakati huo jibu la maswali yote mawili lilikuwa mtu mmoja, mpokea simu. Tumwangalie kidogo kazini, maana ndiye ambaye mashine zote zilizofuata zilijaribu kumwiga. Mteja anasema, "Kubwa moja, nusu uyoga, nusu bila." Anaelewa kwamba ni piza moja, wala hamwulizi mara mbili. Uyoga ukiwa umeisha, anasema hapo hapo, na wanakubaliana kuweka pilipili hoho. Akiona tanuri limefurika, anaahidi dakika 50 badala ya 30. Akitajiwa nyumba ya kona yenye ua wa mbao, anaikumbuka, kwani dereva alimlalamikia mbwa wa hapo wiki iliyopita. Na akisikia kicheko nyuma ya sauti ya mwagizaji, anajua asipoteze unga. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa mahali. Ukitaka kumtoa mtu huyo na kuweka skrini, kwanza inakubidi uandike yote aliyokuwa akiyajua bila kujua kwamba anayajua.

Kampuni mbili zilijaribu, na zilikuwa tofauti sana kwa malezi.

Pizza Hut ilizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1958. Ndugu wawili, Dan na Frank Carney, walikopa dola 600 kwa mama yao wakafungua kijiduka. Kilipokua kikawa mkahawa wa kukaa: paa jekundu, meza, familia, glasi za soda. Domino's ilianza 1960 huko Ypsilanti, Michigan, Tom Monaghan na ndugu yake James waliponunua duka lililoitwa DomiNick's. Kabla ya mwaka mmoja kupita James alichoka, akampa Tom nusu yake kwa kubadilishana na Volkswagen kuukuu. Tom akajenga biashara isiyojali meza wala mapazia. Duka lake lilikuwa jiko, simu na mlango wa nyuma wa kutokea madereva. Baadaye lilijulikana kwa ahadi ya kufikisha piza ndani ya dakika 30, ahadi ambayo kampuni iliifuta Marekani mwaka 1993, baada ya ajali za barabarani na hukumu za fidia.

Kwa hesabu ya kawaida, kampuni ya simu na madereva ndiyo ingetangulia kwenye intaneti. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1994 mjini Santa Cruz, California, palikuwa na kampuni ya programu za kompyuta iitwayo The Santa Cruz Operation, au SCO, iliyoanzishwa 1979 na Larry Michels pamoja na mwanawe Doug. Kazi yao ilikuwa kuuza mfumo wa Unix kwa wenye biashara. Wavuti ulikuwa kitu kipya. Kivinjari cha Mosaic kilikuwa na mwaka mmoja tu, na watu wa SCO walitaka kuonyesha kwamba kompyuta zao zinaweza kuendesha duka. Wakaungana na Pizza Hut. Tarehe 22 Agosti wakafungua majaribio waliyoyaita PizzaNet, kwa wakazi wa eneo la Santa Cruz peke yao. Mtu wa London aliweza kuutazama ukurasa mpaka achoke, ila piza asingeiona.

Ukurasa wenyewe leo ungeonekana kama fomu ya ofisi ya serikali: rangi ya kijivu, maneno machache ya kukaribisha, na visanduku vya jina, mtaa na namba ya simu. Ukishajaza, unapelekwa kwenye menyu. Kinachonivutia mimi ni safari ya oda baada ya kubonyeza. Haikwenda dukani. Ilisafiri kwa intaneti hadi seva ya makao makuu huko Wichita, zaidi ya kilomita 2,000, kisha ikarudishwa Santa Cruz kwa modemu kupitia laini ya kawaida ya simu, mpaka kwenye duka ambalo pengine mteja angeweza kulifikia kwa miguu. Ilikuwa hivyo kwa sababu maduka yenyewe hayakuwa kwenye intaneti. Yalikuwa na uzi mmoja tu wa kuyaunganisha na ulimwengu wa kompyuta, nao ulipita makao makuu.

Na oda ikifika, duka lilifanya nini? Lilimpigia mteja simu. Kwa mtu anayeagiza mara ya kwanza, mfanyakazi alipiga namba iliyoandikwa kwenye fomu kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo na piza anaitaka kweli. Yule mpokea simu wa East Lansing aliyeshuku mzaha alikuwa bado yuko kazini. Safari hii alipewa nafasi ya kuuliza badala ya kukata. Sasa fikiria nyumba ya mwaka 1994 yenye laini moja ya simu. Kompyuta ikiwa kwenye intaneti, laini imeshikwa. Mteja makini, aliyebaki mtandaoni akisubiri piza yake, ndiye ambaye duka lingempigia na kusikia mlio wa laini inayotumika.

Malipo yalikuwa taslimu mlangoni. Hapo kuna ubishi mdogo unaopenda kurudiwa, eti piza ya Santa Cruz ndiyo bidhaa ya kwanza kuuzwa mtandaoni. Siku 11 kabla yake, tarehe 11 Agosti, kampuni ya NetMarket ilimuuzia mtu wa Philadelphia diski ya Sting kwa dola 12.48 na gharama za posta, kwa kadi ya benki iliyofichwa kwa msimbo wa siri. Kwa upande wa pesa, diski imeshinda. Lakini diski inaweza kukaa kwenye bahasha wiki nzima bila kuharibika. Piza haisubiri.

Majaribio ya Santa Cruz yalipata magazeti mengi kuliko walaji. Kwa miaka kadhaa baadaye, waliojaribu biashara hii walikuwa watu wa kati, wasio na jiko lao wenyewe, waliokusanya menyu za mikahawa mingi kwenye tovuti moja. Kwao tatizo la upande wa pili wa laini lilikuwa kubwa zaidi, maana mkahawa wa familia hauna kompyuta jikoni. Ufumbuzi ukawa faksi. Grubhub, iliyoanzishwa Chicago mwaka 2004, ilipeleka oda kwa faksi kwa miaka mingi. Mteja anabonyeza kitufe kinachong'aa, na upande wa pili mashine ya zamani inatapika karatasi kando ya kikaango. Karatasi ikiisha, oda imepotea, na mteja hana habari. Skrini imeshamwambia ahsante.

Domino's ilichelewa, lakini iliingia kwa mlango wa jikoni.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wengi hawalifikirii wanapoona jina moja kwenye vibao elfu. Sehemu kubwa sana ya maduka ya Domino's nchini Marekani si ya kampuni. Ni ya watu binafsi walionunua haki ya kutumia jina, mapishi na vifaa, na wanaolipa asilimia ya mauzo. Kila mmoja ni bosi kwake. Mmoja anatumia kompyuta ya aina hii kupokea oda, jirani yake aina nyingine, wa tatu anapenda kalamu. Bei si moja, saa za kufunga si moja, na mpaka wa eneo la kupelekea chakula anaujua kila mtu kichwani. Ukijenga tovuti moja ya nchi nzima juu ya mchanganyiko huo, utapata tovuti inayoahidi vitu ambavyo duka halina, kwa bei ambayo duka halikubali, kwa nyumba ambayo duka haliifikii.

Kwa hiyo kabla ya tovuti kuliwekwa msingi. Kampuni ilitengeneza mfumo wake wa kompyuta wa dukani, ukaitwa Pulse, na kuwataka wenye maduka waufunge. Mfumo huo ulipokea oda, ukakokotoa bei, ukaonyesha jikoni kinachotakiwa kutengenezwa na ukahesabu madereva. Wapo waliokataa. Mikataba yao, walidai, iliwapa haki ya kununua kompyuta wanayoitaka alimradi inatimiza vigezo. Kampuni itoe vigezo, wao watafute muuzaji. Walikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza iliwapa haki wenye maduka, lakini mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane ikaugeuza uamuzi ukawa upande wa kampuni. Wanaosimulia ushindi wa Domino's kwa kusifia tovuti yake huiruka kesi hii. Mimi naiona ndiyo kitovu. Bila kompyuta ya aina moja kando ya kila tanuri, kilichofuata kisingewezekana.

Kilichofuata kilikuja haraka. Mwaka 2007 kampuni ilianza kupokea oda za tovuti na za simu za mkononi nchi nzima. Washindani wao, Papa John's, walikuwa wametangulia miaka kadhaa, kwa hiyo haikuwa habari kubwa. Habari kubwa ilikuja Januari 2008, pale mteja alipoonyeshwa mstari mrefu wenye hatua tano: oda imepokelewa, inatengenezwa, iko tanurini, inakaguliwa na kuwekwa kwenye boksi, imetoka. Mstari ulijaa rangi hatua kwa hatua huku mtu akitazama.

Ni kitu kidogo, lakini tazama kinavyofanya kazi. Jikoni, juu ya meza ya kupangia, pana skrini inayoonyesha oda. Mtengenezaji akimaliza kutandaza jibini na uyoga anabonyeza, oda inaondoka kwenye skrini yake, piza inaingia tanurini. Tanuri ni la mkanda unaotembea: piza inaingia mbichi upande huu na kutokea upande wa pili imeiva, kwa muda ule ule kila mara. Kwa hiyo hapo mashine haihitaji kumwuliza mtu, inahesabu dakika. Dereva akichukua boksi, oda inaandikwa jina lake. Hakuna kazi mpya aliyoongezewa mpishi. Vitufe alivyokuwa akivibonyeza kwa ajili ya jiko viligeuzwa vikawa habari kwa aliye nyumbani. Mteja wa simu alikuwa akipiga tena baada ya dakika 20 kuuliza "Jamani, imefika wapi?" Sasa alikuwa na mahali pa kutazama. Wengine hawakuamini, wakasema ni picha tu ya kuwatuliza walaji, na shaka hiyo iliendelea kwa miaka. Ninaielewa. Mpishi akibonyeza kabla hajamaliza, mstari nao unadanganya.

Mashine isiyo na mtu wa kushuku ilionyesha upande wake mwingine mwaka 2009. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, nchi ikiwa katika mdororo na benki zikiokolewa kwa fedha za umma, Domino's waliandaa tangazo la piza ya bure kwa kutumia neno "bailout", yaani uokoaji. Tangazo halikupitishwa. Neno lenyewe lilisahaulika ndani ya mfumo. Miezi michache baadaye mtu mmoja akalichapa kwenye kisanduku cha kuponi, pengine kwa kubahatisha tu, na mfumo ukampa piza ya wastani bila malipo. Habari ikaenea usiku mmoja. Kabla mlango haujafungwa zilikuwa zimetoka piza zipatazo 11,000. Mpokea simu gani angekubali neno ambalo hakuwahi kuambiwa na bosi wake, mara elfu kumi na moja?

Anwani nayo ilikuwa na hesabu yake. Marekani mfumo unaanza na namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta, na kutoka hapo unajua ni duka lipi linalohusika. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka hapa. Tanzania ilibandika vibao vya mitaa na namba za nyumba kwa wingi mwaka 2022, kabla ya sensa, na hata sasa ukimtajia kijana wa bodaboda namba ya nyumba atakuuliza, "Karibu na wapi?" Niliwahi kuagiza chakula kwa aplikesheni moja ambayo ramani yake iliniweka ng'ambo ya barabara kuu. Kijana alinipigia mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia apite kwa fundi viatu, akate kushoto penye mwarobaini, aulize duka la Mangi. Alifika baada ya dakika mbili. Simu ya Santa Cruz ya mwaka 1994 haijafa. Kwetu imehamia mfukoni mwa dereva.

Katika miaka ya 2010 Domino's iliendelea kuongeza milango ya kuingilia. Mteja aliweza kuhifadhi oda yake ya kawaida akaiita tena kwa mguso mmoja. Mwaka 2015 aliweza kuagiza kwa kutuma kijipicha cha kipande cha piza. Vingine vilikuwa vya kutafuta magazeti tu, lakini vyote viliishia kwenye skrini ile ile juu ya meza ya kupangia. Zaidi ya nusu ya mauzo ya Marekani ikawa inatoka mitandaoni. Watu wa kati walipokuja na pikipiki zao na makato yao, kampuni iliwakatalia kwa miaka. Ilipokubaliana na Uber Eats mnamo Julai 2023, sharti lilikuwa kwamba oda iingie kwa Uber lakini piza ibebwe na madereva wa Domino's wenyewe. Mlango wa mbele waliugawa. Ule wa nyuma walibaki nao.

Katikati ya sifa zote hizo alitokea mteja ambaye mfumo haukumsikia. Guillermo Robles, mkazi wa California asiyeona, hutumia kompyuta na simu kwa msaada wa programu inayosoma skrini kwa sauti. Programu hiyo inategemea maandishi ambayo mbunifu ameyaweka nyuma ya kila picha na kila kitufe; yasipokuwepo, inanyamaza. Robles alijaribu kuagiza piza kwa tovuti na aplikesheni ya Domino's, akashindwa. Mwaka 2016 akafungua kesi chini ya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, iliyoandikwa miaka minne kabla ya ukurasa wa kijivu wa PizzaNet.

Kampuni ilijitetea kwamba sheria hiyo haikusema lolote kuhusu tovuti, na kwamba serikali haikuwahi kutoa vigezo. Wale wenye maduka waliodai wapewe vigezo wenyewe wachague kompyuta wangeitambua hoja hiyo. Januari 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilisema sheria inaihusu tovuti, kwa kuwa ndiyo njia ya kufikia huduma za maduka. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Kesi ikarudi chini, na mwaka 2021 jaji akaamua kwamba tovuti ilikuwa imevunja sheria.

Kampuni ilikuwa na utetezi mwingine: asiyeweza kutumia tovuti si apige simu? Namba ilikuwepo, na mtu wa kupokea alikuwepo. Jaji aliupima utetezi huo kwa ushahidi uliokuwa mbele yake. Robles alipiga. Aliwekwa kwenye foleni ya kusubiri kwa zaidi ya dakika 45, zaidi ya mara moja, bila mtu kuja kumsikiliza. Safari hii aliyekata simu alikuwa mteja.